Joto la chini ya bati na SSD iliyozimwa

Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji maana hii ishu naikuta mara kwa mara hapa kwetu Mwanza na watu wanaumia kimya kimya, halafu kwenye magrupu ya WhatsApp kuna maneno mawili yanazunguka na yote mawili yanapotosha. La kwanza linasema SSD, ile diski ya kompyuta inayohifadhi data kwenye chipu, haifi kwa sababu ndani haina kitu kinachozunguka, ukishaweka vitu vyako humo funga kabatini sahau. La pili linasema SSD ukiizima wiki moja tu kwenye joto basi data zote zimekwenda. Mi ni fundi wa kompyuta, na ninachotaka wasomaji waelewe ni kwamba kinachokula data kwenye SSD iliyolala bila umeme ni joto likikutana na uchakavu, na kwa huku kwetu hilo joto hatuletewi na hewa ya mji, tunalitafuta wenyewe kwa sehemu tunazochagua kuzihifadhi.

Nianze na hilo la wiki moja maana ndo linaogopesha watu zaidi. Lilisambaa sana mwaka 2015, na lilitoka kwenye jedwali la mhandisi wa Seagate, kampuni ya kutengeneza diski, anaitwa Alvin Cox, aliyekuwa kwenye kamati ya JEDEC, hao ndo wanaoweka viwango vya chipu duniani. Jedwali lilionyesha SSD ikikaa bila umeme inashika data muda gani kwenye joto tofauti tofauti, waandishi wakachukua ile kona mbaya kuliko zote wakaifanya kichwa cha habari, baadaye mwenyewe akaja kusema watu wamelielewa vibaya. Kwa sababu zile namba zote ni za SSD iliyoandikwa mpaka ikamaliza uwezo wake wote, yaani imechoka kabisa, sio hii uliyonunua juzi ukaiwekea Windows na picha za sendofu.

Kiwango chenyewe kinaitwa JESD218. Kinasema SSD ya mtu wa kawaida ikishaandikwa mpaka mwisho wa kile kiasi kiwanda kilichoahidi, halafu ikazimwa na kukaa kwenye nyuzi joto 30, lazima ishike data mwaka 1. Zile za seva za makampuni ni miezi 3 kwenye nyuzi 40. Watu wanashangaa mbona za seva ni bei mbaya halafu muda mfupi, ila angalia joto lililowekwa hapo. Kila nyuzi 5 zikipanda, muda wa kushika data unakatika karibu nusu. Kwenye jedwali la Cox ile ya kawaida iliyochoka inakaa wiki 105 kwenye nyuzi 25, ukipanda kidogo tu mpaka 30 inabaki wiki 52. Endelea na hesabu mwenyewe, 35 ni nusu mwaka, 40 ni miezi mitatu, kwa hiyo ya seva na ya kawaida hapo zimekutana, na ukifika 50 unaongelea wiki tatu hivi. Hata viwandani hawasubiri mwaka mzima kupima, wanaziweka kwenye oveni, maana nyuzi 66 kwa siku 4 hivi ni kama mwaka mzima kwenye nyuzi 30. Hiyo hesabu ya joto na muda ni ya zamani sana, inatokana na kanuni ya mkemia wa Sweden, Svante Arrhenius, ya mwaka 1889, kabla hata kompyuta hazijaota.

Sasa ndani kunatokea nini. Chipu ya SSD ni ya aina inayoitwa NAND, aliyeiasisi ni Fujio Masuoka wakati yuko Toshiba, ikatambulishwa mwaka 1987, na hiyo hiyo ndo iko kwenye flashi, memori kadi na simu yako. Ndani yake kuna seli ndogo ndogo mabilioni kwa mabilioni, kila seli inafungia elektroni nyuma ya ukuta mwembamba wa nanomita chache tu usiopitisha umeme. Ukiandika, volteji kubwa inazisukuma elektroni kupita kwenye huo ukuta, ukifuta inazitoa, na kila safari inaacha jeraha dogo kwenye ukuta. Fikiria ndoo yenye alama ubavuni, unasoma maji yamefika alama ya ngapi. Zamani ndoo ilikuwa na alama mbili tu, kuna maji au hamna, ikivuja kidogo bado unajua. Ila ili wauze nafasi kubwa kwa bei ndogo wakaanza kuchora alama nyingi kwenye ndoo ile ile, SSD nyingi zina chipu za aina inayoitwa TLC, zinasoma ngazi 8 kwenye seli moja, na aina nyingine, QLC, ngazi 16. Hapo uvujaji mdogo sana tayari unakufanya usome alama ya jirani. Na joto kazi yake ni kuzipa elektroni nguvu ya kupenya kwenye yale majeraha. Ukuta mpya hauna majeraha mengi, ndo maana SSD mpya inaweza kulala miaka na isipoteze kitu, ila iliyofanyishwa kazi ngumu halafu ikatupwa kwenye joto inavuja huku wewe unajua iko salama.

Na haikwambii! Kontrola yake, yaani ile chipu inayoiongoza SSD, ina hesabu za kurekebisha makosa, kwa hiyo mwanzoni seli zikianza kusomeka vibaya inazirekebisha kimya kimya wewe huoni kitu. Baadaye inaanza kusoma tena na tena sehemu moja, hapo unaona faili linafunguka taratibu mno, na makosa yakizidi uwezo wa hesabu ndo faili linagoma. Samsung mwaka 2014 walipata kesi ya SSD yao inaitwa 840 EVO, watu waligundua mafaili ya zamani yanasomeka polepole kuliko mapya, ikabidi kampuni itoe programu ya ndani ya kuyaandika upya, na hizo zilikuwa hata hazijafungiwa kabatini, zilikuwa kwenye kompyuta zinazowashwa. Kwa hiyo ukiona SSD ya zamani imekuwa nzito kwenye vitu vya zamani tu, usisubiri.

Kuna jambo moja huwa nikiwaeleza watu wanabisha. Joto wakati SSD inaandika sio baya kama joto wakati imelala. Jedwali lile lile linaonyesha iliyoandikwa ikiwa ya moto kiasi na kuhifadhiwa kwenye ubaridi inashika muda mrefu zaidi kuliko iliyoandikwa ya baridi ikahifadhiwa kwenye joto. Sisemi mtu aichemshe kabla ya kukopi, nasema tu mtu anayehangaika na feni ya laptopu huku bakapu yake iko juu ya dari anahangaikia sehemu isiyohitaji sana.

Sasa nije hapa nyumbani. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mchana wa kawaida ni nyuzi 27, 28, 29, usiku kunapoa. Chumba chenye siling'i bodi na dirisha kiko chini ya zile nyuzi 30 za JEDEC muda mwingi wa mwaka. Yaani kwa hewa tuko vizuri kuliko wenzetu wa Dar. Shida ni kwamba hatuhifadhi kwenye hewa. Tunahifadhi kwenye stoo iliyo kati ya siling'i na bati, mchana wa Septemba na Oktoba kabla mvua haijaanza ukiingiza kichwa mle juu unatoka umelowa jasho. Tunahifadhi kwenye frem za kontena za barabarani ambazo jua likizipiga ukigusa ukuta unaondoa mkono. Wapimaji wa ardhi wanaacha SSD zenye picha za droni kwenye deshibodi ya gari, na gari lililofungwa vioo juani linapita nyuzi 50 bila shida. Nyumba za milimani kule Igogo na Mabatini ambazo mawe yamekaa nyuma ya ukuta, jiwe linakunywa jua mchana kutwa na kulirudisha jioni, kabati lililoegemea ukuta ule halipoi mpaka usiku wa manane. Visiwani sijui niseme nini, maduka ya bati tupu, hakuna siling'i, na mtu ameweka humo rekodi za kikundi kizima.

Dada mmoja mwenye studio ya video za harusi aliniletea SSD mbili kwenye bahasha ya kaki. Akaniambia kaka hii moja imegoma, na bibi harusi anataka kopi maana mama yake amefariki na humo ndo kuna video mama anacheza akimtunza mwanaye. Ile SSD ilikuwa ya kueditia miaka na miaka, video zinaingia zinafutwa zinaingia nyingine, ilipoanza kujaa jaa akaitoa akanunua mpya, hii akaifanya ya kuhifadhia na kuipandisha stoo juu ya duka, chini ya bati. Nilipoichomeka jina likaja, folda zikaja, mpaka zile picha ndogo za video zikaonekana, mtu unafurahi. Kuanza kukopi, ikaenda kasi sekunde kadhaa, ikashuka, ikashuka, ikaganda. CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, ikaonyesha imeshatumika kupita kiwango chake chote. Nikaiacha usiku kucha inasomwa na ddrescue, ile programu inayochukua kwanza vinavyosomeka halafu inarudia rudia vilivyogoma. Asubuhi harusi nyingi zilikuwa zimetoka nzima. Kipande cha mama kilitoka kina madoa ya kijani na sauti inakatika kwenye wimbo, anaonekana anainua kanga halafu picha inaganda, inarudi ameshakaa. Yule dada aliangalia akanyamaza, akauliza hakuna njia nyingine, nikamwambia dada hapa ndo mwisho wa nilichonacho.

Ile SSD ya pili ilikuwa ya duka hilo hilo, imekaa muda karibu sawa bila umeme, ila kwenye droo ya meza chini na ilikuwa haijatumika sana. Ilisomeka yote. Najua SSD mbili hazithibitishi kitu, na hizi zilitofautiana vyote viwili, joto na uchakavu, siwezi kusema kipi kilichangia kiasi gani. Ila zinaenda sawa kabisa na kiwango kinavyosema, na mtindo wa yule dada ndo mtindo wa mji mzima: iliyochoka ndo inapelekwa kuhifadhi. Nawaomba sana tugeuze. Ile mpya ndo ihifadhi, iliyochoka ibaki kwenye mashine ifanye kazi za vitu ambavyo hata vikipotea una kopi.

Hapo kwenye kuchoka nina neno kwa wauzaji wa SSD za mtumba pale mjini. Ndugu zangu, hizo zinazokuja zimetolewa kwenye kompyuta za maofisi huko nje, nyingine ni nzima kabisa na nyingine zimeshaandikwa mpaka basi, na mteja kwa macho hawezi kujua, lebo ni ile ile na inang'aa. Kuichomeka na kumwonyesha afya iliyobaki na jumla ya data iliyoandikwa ni dakika moja. SSD nyingi za terabaiti 1 zenye chipu za TLC zimeahidiwa kuandikwa terabaiti 600 hivi, sasa mteja akiona yake imeshaandikwa 550 ataamua mwenyewe ni ya kuwekea gemu au ya kuwekea picha za marehemu baba yake. Na wewe mnunuzi, omba kuonyeshwa kabla hujatoa hela, muuzaji akikataa nenda frem ya pili.

Flashi na memori kadi zenyewe zina hali mbaya zaidi kwa maoni yangu, maana hicho kiwango cha JEDEC ni cha SSD, flashi ya buku kumi haina ahadi ya mtu yeyote, mara nyingi inawekewa chipu za daraja la chini na kontrola isiyo na akili. Kuna shule naijua, siitaji, matokeo ya mitihani ya ndani na orodha ya ada viko kwenye flashi moja inayoning'inia na funguo za mwalimu, inashinda mfukoni, inashinda kwenye pikipiki. Vikoba hivyo hivyo. Flashi ni ya kubebea kitu kutoka hapa kwenda pale, basi.

Na simu. Watu wengi wana simu ya zamani droo imezima, betri imekufa, na humo ndo kuna picha za mtu ambaye hayupo tena, wanasema siku nikipata hela nitaipeleka kwa fundi. Simu nayo ni chipu ile ile ya NAND, nayo inavuja ikiwa imezimwa. Sio lazima leo, ila usiipe miaka mingine mitano na wala usiiweke juu ya kabati linalogusa bati.

Wateja huwa wananiuliza, si naichomeka tu mara moja moja inajichaji? Hapana, haina betri ya kujaza. Umeme unachofanya ni kuipa kontrola nafasi ya kukagua na kuandika upya seli zilizolegea, na sio zote zinafanya hivyo zenyewe, nyingine zinasubiri mpaka usome hilo faili. Kwa hiyo kuchomeka dakika mbili ukaona taa inawaka ukachomoa hujafanya chochote. Cha maana ni kusoma vyote, yaani kukopi kila kitu kwenda kwenye diski nyingine, na njia ya uhakika zaidi ni kukopi ukitoa, kufuta, na kuandika tena, hapo elektroni zinawekwa upya na saa inaanza sifuri. Kwa SSD isiyochoka na iliyokaa sehemu ya ubaridi mara moja kwa mwaka inatosha kabisa, kwa iliyochoka mimi nasema isihifadhi, lakini kama huna namna basi kila baada ya miezi michache.

Sehemu ya kuweka ni chini, chumba cha ndani, ukuta usiopigwa na jua la jioni, mbali na friji maana nyuma ya friji kuna moto, na mbali na inveta na betri za sola. Ndani ya friji pia hapana, ikitoka inatoa jasho na huku kando ya ziwa unyevu tunao wa kutosha, kutu itakula miguu ya kuchomekea. Kopi ya pili weka kwenye hadidiski ya zamani ile yenye sahani zinazozunguka, yenyewe inaandika kwa sumaku na haivuji namna hii ikizimwa, japo ina magonjwa yake, ukiidondosha imekwisha na ikikaa miaka bila kuwashwa mota inaweza kukwama. Ndo maana nasema pili, sio badala. Na ya tatu apewe ndugu anayekaa nyumba nyingine, maana moto na wezi hawaangalii ni SSD au sahani.

Wenye maofisi madogo, wenyeviti wa vikundi, makatibu wa mwalo, walimu wa taaluma, wenye studio, nyie mmeshika vitu vya watu wengi. Kabla Septemba haijaingia mtu apande juu ya dari ashushe lile boksi. Na ukiichomeka SSD iliyolala muda mrefu ikakuletea folda zote usianze kufungua video moja moja kuangalia kama zipo, anza kukopi ile ambayo haina kopi sehemu nyingine yoyote, ukimaliza hiyo ndo uendelee na nyingine, na ikianza kuganda chomoa mpelekee fundi, usiizime na kuiwasha mara kumi.

Fundi wa kompyuta,
Nyegezi, Mwanza